Mzee Ntare, Aliyetusemea Bungeni Miaka Kumi na Saba

Nisikilizeni vizuri, nyinyi wenye mashua. Mwezi mzima mmebishana keki ya kumuaga Mzee Ntare iwe na rangi gani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atakwenda Bungeni baada yake. Hamna haya.

Mzee Ntare anapumzika tarehe 31 Agosti, baada ya miaka kumi na saba ya kukitumikia chama chetu cha wenye mashua. Hakuajiriwa, alijitolea. Ni fundi wa injini za mashua kule Gikondo, amekulia Bukoba, ng'ambo ya mpaka. Kila kamati ya Bunge ilipokaa kuzungumzia mambo ya maziwa, alinawa grisi, akavaa koti lake la kijivu, akaenda kutusemea sisi tunaopanda mashua kwa kujifurahisha tu. Mimi ninayewashonea majaketi ya kuelea nalijua lile koti. Nimelitia viraka kwapani mara tatu.

Kazi yake kubwa mnaijua, ingawa mnajifanya mmesahau. Mswada ulitaka kila chombo, hata kamtumbwi ka watu wawili, kiwe na nahodha wa kuajiriwa kama meli ya abiria. Nani kati yenu angeweza? Mzee Ntare akasema wabunge waje ziwani Muhazi waone kwa macho yao. Akawaalika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili asubuhi. Siku ya umuganda, nchi nzima inapotoka kufanya kazi za pamoja! Mtu mzima, miaka yote hii nchini, anasahau umuganda. Wageni wakafika na viatu vya ngozi, wakakuta mashua zimefungwa na mkuu wa kijiji anagawa majembe. Wakalima. Mzee Ntare akalima katikati yao, kila jembe likishuka anaeleza kifungu kimoja. Mbunge mmoja mama akamwambia, "Muzee, wewe hata jasho unalifanya mkutano!" Kazi ilipokwisha wakapanda mashua, wakashika makasia wenyewe. Kile kifungu cha nahodha kikaondolewa.

Maneno matamu hana. Mbele ya kamati husema mambo matatu, anakaa, anasikiliza mpaka mwisho, hata anayembeza. Barua zote aliandika kwa mkono, katibu wetu Phiona akazipiga chapa.

Sasa magoti yamechoka, ana haki ya kupumzika. Lakini kifungu kile kimerudi katika mswada mpya, na kamati itasikiliza watu Jumanne, tarehe 15 Septemba. Kikipita, mashua zenu mtazianikia nguo. Nilimwambia Phiona aende. Akanijibu, "Bibi, niko na kazi mingi, na wale wakubwa nawaogopa." Unaogopa nini? Barua zote ziko kichwani mwako, mwa nani mwingine?

Mzee Ntare, asante. Umetutendea mema na hukutusimanga hata siku moja. Mungu akupe miaka mingi ya kuvua samaki kwa raha, bila mtu kukupigia simu kwamba injini imezima.

Phiona, Jumanne hiyo saa mbili asubuhi uwe mlangoni pa Bunge na nakala za barua mkononi. Nyinyi wengine, fungeni maduka, mkajaze viti nyuma yake.