Mama Taratibu, Aliyepima Kisichoonekana

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kitinda mimba wa mshona viatu na mkunga. Utotoni alipenda kulala chali juu ya sakafu ya baraza, macho angani, akaitwa kula na asisikie. Baba yake alizoea kusema, "Huyu mwili tunao. Roho sijui iko wapi."

Alimaliza sekondari mwaka 1976, kisha akaenda chuo kikuu kusomea fizikia. Baadaye alizama katika elimu ya nyota, na shahada yake ya uzamivu akaipata mwaka 1987.

Tarehe 2 Juni 1990 alifunga ndoa na fundi miwani, aliyemfahamu kwa kumpelekea miwani ileile iliyovunjika kila mara. Siku ya harusi, mama mkwe alimvuta pembeni.

"Mwanangu, hivi kazi yako hasa ni nini?"

"Napima giza, mama."

"Giza! Kwa kibaba au kwa mizani?"

Bibi harusi alicheka mpaka shela ikamdondoka. "Kwa mwendo wa nyota, mama. Zinakimbia mno. Pasingekuwa na kitu kinachozishikilia, zingeshatawanyika zamani. Na kitu chenyewe hakionekani."

Mama mkwe akatafakari. "Kumbe hata huko juu kuna mama mwenye nyumba!"

Kazi yake aliifanyia katika chumba cha ghorofa ya juu, dirisha likitazama ua wa kuanikia nguo. Mashuka yalipepea huko chini, naye juu akichambua mwanga wa galaksi kibete, makundi madogo ya nyota yaliyofifia kama pumzi juu ya kioo. Kila nyota aliipima kama inatujia au inatukimbia, na kwa kasi gani. Kutokana na kasi hizo alikadiria uzito wa maada nyeusi, kile kitu kisichoonekana kilichozishika.

Mwaka 2009 alikuta galaksi moja, ndogo kupita zote alizowahi kupima, ambayo nyota zake zilikwenda mbio ajabu. Ilielekea kuwa karibu giza tupu. Wenzake walishangilia, yeye akatilia shaka. Nyota nyingine huishi mbilimbili, zikizungukana, na mzunguko huo huweza kumhadaa mpimaji akadhani ni kasi ya galaksi nzima. Zilihitaji kupimwa tena na tena, kwa miaka.

"Tutangaze sasa," mkuu wake alisema. "Wengine watatuwahi."

"Wakituwahi tutawapongeza. Mimi bado sijajua."

Kweli, wengine wakawahi na galaksi yao, wakavuma. Yeye akabaki na jina la utani: Mama Taratibu. Halikumuudhi. Ila mumewe alimwona jioni nyingine amesimama dirishani, chai imepoa mkononi, akajua kwamba kungoja nako kunauma.

Februari 2019 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Ngazi za ofisini zikamshinda, vipimo vikaendelezwa na mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 2021, alasiri moja ya manyunyu, mwanafunzi huyo alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nyota pacha zilikuwemo. Tumeziondoa."

"Na zilizobaki?"

"Bado zinakimbia. Lakini giza ni nusu tu ya ulilokadiria mwanzo."

Alitazama pazia likijaa upepo na kutulia.

"Nusu," alisema. "Na bado linazizidi nyota zote zile?"

"Mbali sana, mama."

"Basi lipo." Akatabasamu, uso wote ukalegea kama wa mtoto aliyeshiba usingizi. "Sasa tangazeni."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 2021, alfajiri, kichwa kikiwa begani kwa mumewe.

Ameacha mume, binti aliye muuguzi, mwana aliye seremala, mjukuu mmoja, kaka yake mkubwa, na wanafunzi wengi waliomwita mama. Tunamlaza leo mchana kweupe, mawingu yakipita polepole juu yetu. Astarehe kwa amani.