Mpeleka Mbiu na Baiskeli Yake ya Betri: Nathaniel Ruwa Kombe, 1941–1999

Mtu tuliyemleta leo hapa Buni, Rabai, hakutoka mbali. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 katika boma lile pale bondeni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kombe na marehemu mkewe Sidi. Alibatizwa Nathaniel, lakini jina hilo lilitumika kanisani na kazini tu. Kwetu sote alikuwa Ruwa.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Rabai hadi mwaka 1957. Walimu walimsifu kwa hesabu, wakamchapa kwa sababu ya redio ya shule, ambayo aliifungua ili aone kilichokuwa kikisema humo ndani. Aliporudisha vyuma vyake redio ilisikika vizuri kuliko mwanzo, ila fimbo zilikuwa zimeshamfika.

Mwaka 1961 aliteremka Changamwe akaajiriwa katika kampuni ya maghala. Alianza kwa kubeba magunia. Zilipoletwa foklifti za umeme, magari madogo ya kuinulia mizigo, akapewa kazi ya kuzichaji na kuzitengeneza, na hapo ndipo alipojipata. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu Desemba 1996, akiishi Miritini miaka yote hiyo. Mashati yake yalikuwa na vitundu vya asidi, hata lile la kwendea kanisani.

Lakini hakuna aliyekuja hapa leo kwa ajili ya foklifti. Tumekuja kwa sababu Ruwa ndiye aliyekuwa mpeleka mbiu wetu. Katika ukoo huu habari ya msiba haipigwi simu wala haiandikwi. Hupelekwa na mtu, kwa mdomo wake, boma kwa boma, kutoka Miritini hadi Rabai, Ribe na Jibana, kwenye vijia ambavyo gari halipiti. Mpeleka mbiu hufunga kipande cha kaniki, kitambaa cheusi cha msiba, kwenye usukani wa baiskeli. Akifika husimama uani, haketi wala hasalimii, mpaka mkubwa wa boma amuulize, "Ni nani?" Ndipo hulitaja jina. Ruwa alirithi kazi hiyo kwa ami yake mwaka 1964, na hatujapata kusikia mtu akilalamika kwamba aliambiwa vibaya.

Hata mke alimpata humo humo. Mwaka 1965 alipeleka mbiu kwa wakwe zetu wa Jibana, akapewa maji na binti wa boma, Agneta, akayanywa akiwa amesimama. Agneta hupenda kusema, "Alileta habari mbaya na macho mazuri." Walifunga ndoa kanisani Rabai tarehe 17 Desemba 1966. Mungu aliwajalia binti mmoja, Dorcas, na Ruwa hakumsikiliza yeyote aliyemwambia kwamba binti mmoja hatoshi.

Mwaka 1993 alianza kubanwa na kifua akipanda mlima wa Mazeras. Daktari alimwambia moyo wake umetanuka, akamkataza kupiga pedali mlimani. Ruwa alirudi nyumbani akaitundika baiskeli yake ukutani. Mwaka uliofuata binamu yetu alifariki Likoni. Tukawapelekea watu wa Ribe habari kwa dereva wa lori la mchanga, naye akaipaza barabarani akiwa ndani ya lori, injini inanguruma. Wazee wa Ribe hawakuja mazikoni. Walisema hawakuambiwa, walipigiwa kelele. Ruwa aliona haya kana kwamba kosa ni lake. Alimwambia mkewe, "Agneta, nikifa na mimi watatangaziwa hivyo hivyo?"

Jibu lilikuja mwaka 1995, ndani ya mkoba wa mpwawe Nicanor, ambaye ni baharia. Nicanor alikuwa ameona ughaibuni vifaa vya kuigeuza baiskeli ya kawaida iende kwa umeme, akamletea seti moja: mota ndogo yenye gurudumu la kusugua tairi la nyuma, swichi ya kufunga kwenye usukani, na waya. Betri haikuwemo. Ruwa alinunua Kongowea baiskeli ya mtumba ya gia, yenye tairi pana za vifundo, zile ambazo vijana walikuwa wakiziita mauntenbaiki, akaipeleka kwa rafiki yake Khatibu, fundi baiskeli wa Miritini.

Jumamosi zote za miezi miwili waliinamia chombo hicho. Mara ya kwanza mota iliruka juu ya vifundo vya tairi ikawa inavitafuna. Wakavichonga vifundo vya katikati kwa kisu cha viatu mpaka tairi likawa laini. Walipofunga betri ya gari kwenye keria, gurudumu la mbele likanyanyuka mlimani na Khatibu akaenda chini kwa mgongo. Wakakata chuma cha kitanda kibovu, wakatengeneza kikapu katikati ya fremu, betri ikakaa chini na imesimama wima isimwage asidi. Waya ukafuka moshi, Ruwa akatia fyuzi. Mwisho alipanda kilima cha Miritini akizungusha pedali taratibu, mota ikimsaidia, akafika juu akiwa na pumzi ya kutosha kuimba. Khatibu alisimama chini ameshika kiuno.

"Wallahi, Ruwa," alisema, "huyu ni punda asokula nyasi!"

Tarehe 14 Oktoba 1995 Ruwa alikuja Rabai kumwonyesha shangazi yetu Nyevu. Njia ilikuwa na vumbi, na fundi huyu aliyefikiria kila kitu alikuwa ameifunika betri kwa kitambaa cha kwanza alichokiona nyumbani. Kilikuwa kaniki. Shangazi alimwona Ruwa akiibuka kilimani, bila kuhema, kaniki ikipepea kwenye baiskeli. Hakungoja kuuliza ni nani. Aliangua kilio, boma zima likaitikia, na jirani akatoka mbio kuelekea Ribe kuwaambia wengine.

"Shangazi, hakuna aliyekufa!" Ruwa alipiga kelele. "Nimekuja kukuonyesha mota!"

"Mota na kaniki?" Shangazi Nyevu alijifuta machozi, akatafuta cha kumpigia. "We mwana we, una wazimu? Ushaniliza bure, sasa wendapo kufa kweli n'talilia nini?"

Ilimbidi Ruwa azunguke maboma yote kuifuta mbiu yake mwenyewe. Kila alikofika watu walimkuta amesimama uani, wakamuuliza, "Ni nani?" naye akajibu, "Hakuna. Wote wazima." Betri ilimwishia Ribe akalala huko. Alisema mpaka mwisho kwamba katika safari zake zote hiyo ndiyo aliyopewa chai na kuketi.

Baada ya hapo hakuna msiba wa ukoo huu uliokosa mpeleka mbiu. Alipoona nguvu zinapungua alimfundisha Dorcas: jinsi ya kuchaji, jinsi ya kusimama, jinsi ya kunyamaza. Wazee walinong'ona kwamba mwanamke hajapata kupeleka mbiu. Ruwa aliwajibu kwamba baiskeli haijapata kuuliza. Machi mwaka huu moyo ulimwelemea. Alilazwa hospitali Mombasa tarehe 12, akafariki Jumatano tarehe 17 alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Agneta.

Ameacha mjane, Agneta, binti, Dorcas, fundi cherehani Changamwe, mpwawe Nicanor, shangazi Nyevu, rafiki yake Khatibu, aliyeichaji betri asubuhi hiyo bila kuambiwa, pamoja na ndugu na wakwe wa Rabai, Ribe na Jibana, ambao leo wamekuja wote.

Wamekuja kwa sababu waliambiwa inavyotakiwa. Jumatano hiyo Dorcas aliipandisha baiskeli hadi hapa Rabai. Shangazi Nyevu, ambaye macho yake siku hizi hayaoni mbali, aliona kaniki ikipepea kilimani, akatoka uani akicheka.

"Ruwa!" aliita. "Leo hunilizi tena, mwanangu! Funika betri yako uje unywe chai!"

Dorcas alishuka, akasimama, mkono kwenye usukani. Alisimama hivyo mpaka kicheko kikaisha, na shangazi akamsogelea, akampapasa uso, akamtambua.

"Ni nani?" aliuliza.

Dorcas akalitaja jina la baba yake.

Mungu amlaze Ruwa mahali pasipo na mlima, aketi, apewe chai.