Bibi Otilia na Kikapu cha Muze

Marehemu Bibi Otilia alizaliwa mwaka 1924 huko Muze, bondeni, mahali ambapo, kama alivyopenda kuwaambia wajukuu, mtu hajifuniki blanketi mpaka ashikwe na homa. Alikuwa mtoto wa pili katika watano.

Kuanzia mwaka 1933 alifundishwa dini na katekista wa kijijini, akabatizwa, akajua kusoma. Hakuendelea zaidi, maana shule ilikuwa mbali na mikono yake ilitakiwa shambani. Kitabu cha sala alikijua chote kwa moyo, hata uzeeni alikuwa akikishika juu chini kanisani, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tarehe 16 Septemba 1942 alifunga ndoa na Gabriel, mkulima wa huku juu, jirani na Mpui, aliyekuwa akishuka bondeni kubadilishana ulezi kwa samaki na chumvi. Bibi harusi akaupanda mlima kwa miguu. Asubuhi ya kwanza aliuona ukungu akadhani kijiji kinaungua, akatoka mbio na kibuyu cha maji. Mume wake aliisimulia habari hiyo mpaka alipofariki mwaka 1971. Walijaliwa watoto sita, na Mungu akawabakizia wanne. Baridi ya huku juu Ufipa Bibi Otilia hakuizoea hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kilimo, na hapo ndipo ilipo habari yake yote. Mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, alilima majani na kuyafukia ndani ya matuta ya mviringo. Yakaoza humo mpaka mvua mpya za Novemba, ndipo alipoyavunja matuta na kupanda ulezi. Katika ukoo wa Gabriel, aliyeinua tuta ndiye anayelivunja. Likivunjwa na mkono mwingine, ni kutangaza kwamba mwenyewe amekufa.

Alipofiwa na mume aliomba kurudi kwao Muze, akae na mdogo wake Emerensiana. Wazee wa ukoo walimjibu kwa upole, "Hatukufungi, mama. Vunja kwanza ulichoinua." Neno jema, lakini lilimnasa. Akivunja Novemba, mvua zilifunga njia ya mlimani, na zilipopungua Machi watoto walitaka kula mwaka ujao, naye akawa ameshainua mengine. Hakuna kiangazi kilichomkuta hadaiwi na udongo.

Nyuma ya mlango aliweka kikapu chenye kitenge kipya na ulezi wa kumpelekea mdogo wake. Kila mavuno aliutoa ulezi wa zamani na kutia mpya. Wajukuu waligusa kila kitu katika nyumba ile isipokuwa kikapu cha Muze.

Soko huria lilipokuja, malori ya wafanyabiashara yakaanza kushuka bondeni, na safari ya kuchosha miguu ikawa ya kukaa juu ya magunia. Kija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Muze, alikuwa akipita na ng'ombe wa kuuza Sumbawanga na kumletea salamu.

"Shikamoo, mama. Mdogo wako anauliza, lini?"

"Marahaba. Mwambie nikishavunja matuta."

"Mama, sisi tunahama na ng'ombe wetu. Wewe umefungwa na nini?"

"Ng'ombe ana miguu, baba," alimjibu, wakacheka wote wawili.

Machi 1992 aliinua matuta akiazimia kuwa ndiyo ya mwisho. Baltazari, mwanawe wa kwanza, alikuwa akipata mahindi mazuri kwa mbolea ya dukani, naye mama akaona zamu yake imekwisha. Novemba alivunja ya mwisho, akaoga, akakitoa kikapu nje kikapigwe jua. Alingoja mvua zipungue malori yashuke. Lakini mwaka ule bei ya mbolea ilipaa, Baltazari akapanda bila mbolea, mahindi yakageuka njano yakiwa usawa wa magoti. Machi akasimama mlangoni kwa mama yake na jembe mkononi.

"Mama, mwaka huu tu."

Bibi Otilia alikitazama kikapu, akakirudisha nyuma ya mlango, akapokea jembe. Mwaka uliofuata akainua tena.

Oktoba 1994 miguu ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Alilazwa hospitali mjini Sumbawanga, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Kutoka kitandani aliyaona matuta yake kupitia mlangoni, mvua za kwanza zikiyanyeshea. Siku moja alimwita Baltazari.

"Yavunje, baba."

"Mama, nikiyavunja nimesema umekufa."

"Sema. Sema hivyo, kisha nipandishe kwenye lori niende zangu."

Baltazari alichukua jembe, akaenda shambani, akasimama pale mpaka mvua ikamlowesha. Akarudi hajagusa hata tuta moja. Alimpenda mama yake mno, na upendo ule ndio uliomfungia mama mlango. Bibi Otilia hakumlaumu. Alisema tu, "Basi, baba, vua hizo nguo, utaugua." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1994.

Ameacha watoto wanne, Baltazari, Josefina, Flavian na Luciana, wajukuu kumi na tisa na vitukuu watano. Ameacha pia mdogo wake Emerensiana, aliyeletwa jana na Kija kwa lori. Alipofika kwenye jeneza alisema, "Dada, nimekungoja mpaka nimezeeka. Nimeupanda mlima mwenyewe." Ni yeye atakayeshuka na kikapu.

Tukishamaliza mazishi, Baltazari atakwenda shambani na jembe, na safari hii atavunja. Ukoo mzima utasimama kushuhudia kwamba Bibi Otilia hadaiwi tena na udongo huu.

Njia iko wazi, mama. Nenda ukapumzike.