Miwani ya Bibi Harusi

Kwenye basi la kutoka Mlali, Paulina alisikia mawifi wawili waliokaa mbele yake wakibishania gari la harusi, lile la kifahari lisilo na paa.

"Miwani nyeusi, na kilemba mpaka kidevuni?" Erica alisema. "Watadhani kaka yangu kaoa rubani."

"Wadhani tu," bibi harusi akajibu. "Jicho hili limetoka kufanyiwa upasuaji wa trakoma, na upepo wa Dodoma una mchanga."

"Si siku moja tu, wifi?"

"Harusi ndiyo ya siku moja. Kaka yako nataka nimwone mpaka azeeke."

Paulina, aliyejifanya amelala, alifumbua macho. Basi likasimama Kikuyu. Erica alishuka akinung'unikia picha. Bibi harusi akamfuata, miwani tayari usoni.