Mnara Ulioinamia Kushoto

Ndugu, jamaa na marafiki, mliokaa na mliosimama, tunayemsindikiza leo aliwapeleka wengi wenu kwenye piramidi, kwenye maporomoko makubwa na kwenye ukuta mrefu wa Uchina, akawarudisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana, nayo familia imeomba safari yake mwenyewe isomwe kwa utaratibu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Pazia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa paa na mama mfua nguo, na mama yake alipenda kusimulia kuwa mtoto huyo alichora ukutani kwa mkaa kabla hajajua kutembea sawasawa, akachapwa, akachora tena.

Elimu ya msingi aliipata kati ya mwaka 1959 na 1966, katika shule iliyokuwa jirani na stesheni ya reli, ambako alifaulu kuchora na kuimba, masomo mengine akayapitia juu juu, ila darasani palitundikwa kalenda ya kampuni ya meli, yenye picha ya mji wa kigeni kwa kila mwezi, na mwaka ulipokwisha mwalimu akampa kalenda ile, asijue kuwa amempa mtoto kazi ya maisha.

Mwaka 1968 alianza kazi kwa mchora mabango, akajifunza kuchanganya rangi na kunyoosha herufi, na tarehe 2 Juni 1975 akafungua studio yake ya picha, chumba kimoja chenye dirisha dogo, na kwa kuwa hakuwa na bustani ya kuwapambia wateja, aliichora dunia kwenye turubai akaitundika, pazia baada ya pazia, piramidi zenye ukijani kidogo kwa kuwa wiki ile rangi ya njano iliadimika madukani, na ukuta wa Uchina wenye mbuzi mmoja juu yake, ambaye hakuna aliyewahi kuelezwa amefikaje pale. Pazia lililompa jina lilikuwa la mnara wa Pisa, ule ulioinama huko Italia, naye aliuchora ukiinamia kushoto, kinyume na kalenda yake, kwa sababu upande wa kulia ilisimama taa kubwa ambayo waya wake ulizikwa ukutani, na Bwana Pazia hakuwa mtu wa kubomoa ukuta kwa ajili ya mnara, jambo ambalo hadi leo lilijulikana na mkewe tu.

Mke huyo, fundi cherehani aliyemshonea turubai zake, na aliyemwambia waziwazi kuwa mishono yake imenyooka kuliko minara ya bwana, alifunga naye ndoa tarehe 26 Agosti 1978, wakapigwa picha mbele ya pazia lile, na hapo hapo, shela ikiwa bado kichwani, bwana harusi akaahidi kuwa siku moja watasimama mbele ya mnara wenyewe, ahadi ambayo mke aliipokea kwa kicheko, hakuisahau, wala hakumruhusu mumewe aisahau. Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Mwaka 1994, katika harusi moja ya ukoo, shemeji yake, mwalimu wa jiografia, ambaye yuko nasi hapa na ameruhusu haya yasomwe, japo kwa shingo upande, alisimama na kitabu mkononi akatangaza kuwa mnara wa Pisa unainamia kulia, na kwamba mji mzima umepigwa picha mbele ya uongo, ukumbi ukacheka, mwenzetu akachomwa moyoni, na watoto wa mtaani wakawa wanamsalimia wameinamisha shingo, lakini alikataa katakata kuuchora upya, akasema atakwenda kuuona kwa macho yake, na akikuta amekosea, turubai ile ataichoma moto mwenyewe.

Safari iliahirishwa kwa ada za shule, kwa paa lililovuja, kisha kwa moyo ulioanza kumsumbua mwaka 2021, na Oktoba 2023, watoto wakiwa wamekwisha kuwakatia wazazi tiketi, alilazwa, daktari akamkataza kupanda ndege, mke akasema basi haendi mtu, mume akasema mama watoto utakwenda, aliyeahidiwa ni wewe, wakavutana hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaingilia kati, na mama akaondoka na binti yao mdogo.

Tarehe 7 Novemba 2023 alimpigia mumewe simu ya video, na kitu cha kwanza alichokiona mgonjwa ni mnara umeinamia kulia, kama kalenda, kama kitabu cha shemeji, lakini fundi cherehani, aliyezoea kugeuza nguo aone na upande wa pili, aliuzunguka mnara pole pole, binti akimfuata na mkoba, hadi alipotokea nyuma yake, akageuka, na mnara ukawa umeinamia kushoto, vile vile kama kwenye pazia, akasimama mahali pake pa siku ya harusi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. Bwana Pazia alicheka hadi muuguzi akaja mbio, kisha akalia bila kuficha, akasema tumefika.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani Desemba, shemeji akaja kuomba radhi na kupigwa picha mbele ya pazia, na Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, asubuhi, moyo wake ukasimama, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo, na shemeji, aliyelibeba pazia lile hadi hapa kwa mabega yake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Bwana Pazia, mkeo anasema hakudai tena, mlisimama pale wote wawili.