Germaine Mwelwa, Aliyeitikiwa na Mbwa Saba

Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, saa tisa alasiri, Urbain alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba yao ya Shituru, akimenya mihogo. Kaka yake Théophile akaingia uani na msichana aliyejifunga kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani. Uani palikuwa na mbwa wa mnyororo aliyekwisha kuuma watu wanne, na wa nne alikuwa ndiye aliyemlisha. Chakula chake kilisukumwa kwa mpini wa ufagio. Wakubwa walipokuwa ndani wakitafuta viti, msichana akakaa chini, hatua moja ndani ya mahali mnyororo ulipofika, akampa mbwa mgongo. Akatoa kwenye mkoba wake kapenta, vile visamaki vikavu, akaanza kula. Kimoja alikitia kinywani, kimoja alikidondosha nyuma yake bila kugeuka. Viti vilipopatikana, mbwa alikuwa amemzunguka na kulaza kidevu juu ya kiatu cha msichana.

Mama yake Théophile alisimama mlangoni akatazama. Akasema, "Théo, ulituletea sisi bibi, ao uliletea imbwa bibi?"

Watu walicheka, na msichana naye alicheka, akapanda kwenye kiti. Urbain, aliyekuwa na miaka kumi na minane na asiyeweza kumsalimu mgeni bila kutazama ardhi, hakusema neno. Lakini alikuwa ameona kila kitu, kwa kuwa watu wasiosema huona sana.

Msichana yule ndiye Mama Germaine Mwelwa tunayemzika leo. Wengi waliokuja hapa wanamjua kwa jina jingine, yule mama aliyeuza mbwa wa kampuni. Hakuwauza. Watoto wake waliomba karatasi hii iseme aliyewatoa, na itasema ikifika mahali pake.

Mama Germaine alizaliwa Kambove tarehe 3 Mei 1971, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, mama yake aliuza unga. Baba alikuwa na mkanda mmoja tu wa ngozi, na kwa mkanda huo alifundisha watoto wake na mbwa wake. Marehemu alisimulia kwamba baada ya miaka minne ya kufundishwa, mbwa yule alijua jambo moja, nalo ni hatua za baba. Akizisikia barabarani, alijificha chini ya kitanda. Watoto nao walikuwa huko chini tayari, kwa hiyo walibanana.

Alisoma shule ya msingi Kambove, akafika mwaka wa pili wa sekondari. Mwaka 1986 baba alifariki na masomo yakaishia hapo. Alisaidia mama yake kuuza unga, na jioni aliokota mbwa wa mtaani akawafundisha kwa vipande vya bukari, ugali wetu. Majirani walimsema kwamba anawapa mbwa chakula cha watu. Alijibu kwamba anawapa chakula chake mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa kweli, na mwili wake ulionyesha.

Alifunga ndoa na Théophile parokiani Shituru tarehe 11 Desemba 1993. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwezi wa Machi 2006 alipata kazi katika kampuni moja ya ulinzi iliyolinda eneo la machimbo upande wa Kamatanda. Théophile alikuwa dereva hapo hapo. Familia imekubaliana jina la kampuni lisitajwe. Mama Germaine aliajiriwa kuwapikia mbwa, si kuwafundisha. Walikuwa saba, na waliowafundisha walitumia njaa na bomba la mpira. Mwaka mmoja kabla ya yeye kufika, mbwa hao walikuwa wamemnyang'anya mchimbaji wa mkono vidole vyake, na mkuu wa ulinzi, shefu Clovis, alihesabu jambo hilo kuwa mafanikio.

Mpishi alianza kukaa mbele ya vibanda akiwapa mgongo. Walinzi walimcheka siku tisa. Siku ya kumi mbwa mkali kuliko wote, jike mwekundu aliyeitwa Dimanche, alilala akimwegemea. Kufikia mwisho wa mwaka ule mpishi ndiye aliyekuwa mwalimu, ingawa mshahara ulibaki wa mpishi. Kiganja kikishushwa wazi, mbwa walilala chini. Ngumi ikinyooshwa, walikuja kupokea kapenta. Aliwafundisha kumzunguka mwizi na kubweka bila kuuma mpaka mlinzi afike. Miaka saba hakuna mtu aliyepoteza kidole.

Alikuwa na sheria moja, na wote waliomfahamu waliisikia hadi wakaichoka. "Imbwa, ukimuita, umupe kintu ya muzuri," alisema. "Ukimuita na kumupiga, ile siku unamufundisha kukimbia."

Urbain alikuwa mchimbaji wa mkono Kamatanda. Mwaka 2009 jiwe lilimvunja mkono wa kulia, na vidole vyake havikukunjika tena. Shemeji yake alimwonea huruma, akawa anamchukua kila Jumapili, shefu akiwa hayupo na walinzi wakiwa langoni, amsaidie kulisha mbwa. Urbain alijifunza ishara zote kwa mkono wa kushoto, ingawa Théophile alidhani anabeba sufuria tu. Marehemu aliwazoeza mbwa kuufuata mkono ule. Alimwita Urbain petit, yaani mdogo wangu, naye Urbain alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Mbele ya mbwa Urbain aliweza kuongea. Alimsimulia Dimanche mambo ambayo mke wake hakuwahi kuyasikia.

Sasa tumefika mahali pake.

Mwezi wa Juni 2013, mahali pa pombe karibu na barabara ya Kamatanda, wachimbaji walikuwa wakizungumzia ukuta wa kampuni na mbwa walio ndani. Urbain alikuwa kwenye kona, kama siku zote. Walimwita Bubu. Mmoja alimuuliza kwa mzaha yeye angefanyaje. Urbain akasema kwamba wale mbwa ni kazi rahisi. Meza nzima ikageuka. "Bubu iko na maneno leo," mmoja akasema, na mwingine akamnyamazisha ili wasikie. Hakuna aliyempa Urbain kitu. Hakuna aliyemtisha. Watu kumi na wawili walinyamaza wakamtazama mdomoni, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu azaliwe, naye alitaka lisiishe. Akawaonyesha kiganja. Akawaonyesha ngumi. Akawaambia kapenta, wala si nyama. Walipoomba arudie, alirudia.

Kwa wiki tatu wachimbaji waliingia na kutoka na mifuko ya mawe ya madini. Walipokamatwa wawili, walikutwa wamesimama katikati ya mbwa waliolala wakitafuna. Walipigwa, na mmoja alifia njiani kabla ya kufika hospitali. Hawakumtaja mtu. Shefu Clovis aliwaita wafanyakazi wote akasimulia jinsi wezi walivyofanya. Akaonyesha ishara mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata mambo yalivyokuwa, aliionyesha kwa mkono wa kushoto, akasema wote wawili walitumia huo. Akamuuliza Mama Germaine nani mwingine anaijua. Théophile, aliyekuwepo, alisema baadaye kwamba mke wake alitazama ule mkono wa kushoto kwa muda mrefu. Kisha akajibu kwamba hakuna mwingine.

Jumanne tarehe 9 Julai 2013 kampuni iliamua kwamba mbwa wameharibika na wauawe. Mlinzi alipiga risasi moja, akakosa, na wote saba wakakimbilia mwisho wa eneo, kwenye vilima vya udongo. Wanaume sita walishindwa kuwashika hadi mchana. Ndipo shefu Clovis alipomtuma Théophile amlete mke wake.

"Ubaite weye, mama," alimwambia. "Banasikia tu weye." Akaongeza kwamba asipoita, Théophile ataacha funguo za gari mezani siku hiyo hiyo, na nyumba ya kampuni waliyokaa itapewa mtu mwingine.

Mama Germaine aliomba kapenta. Walicheka, kisha wakampa. Alisimama karibu na karakana, akanyoosha ngumi, akamwita mmoja kwa jina. Mbwa akashuka kutoka kilimani, akakaa mbele yake, akapokea samaki. Mlinzi akampeleka nyuma ya karakana. Mlio ulisikika. Mama Germaine akamwita wa pili. Wote waliobaki walisikia mlio ule, na kila aliyeitwa alikuja. Dimanche alikuwa wa mwisho. Alikuwa amezeeka, akatembea polepole kutoka kwenye udongo, na alipofika alikaa vizuri kuliko wote, kifua mbele, akingoja. Alipewa samaki wawili.

Jioni hiyo hiyo Mama Germaine alifukuzwa kazi, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba ndiye mwenye siri. Théophile alibakizwa.

Tangu siku hiyo, Mama Germaine hakumwita mtu yeyote tena. Akitaka mtoto, aliinuka akamfuata hadi barabarani. Chakula kikiiva alipeleka sahani. Mtoto wake Reine alikua akidhani huo ni ustaarabu wa mama yake.

Sokoni, alikouza unga kama mama yake, watu walimbwekea. Wakubwa walianza, watoto wakachukua. Mteja angepima unga kisha aulize, "Leo unauzisha imbwa gani, mama?" Kwaya ya kina mama ilisogea kwenye benchi ikamwachia nafasi kubwa. Siku moja Urbain alipita hapo na wachimbaji wenzake. Mmoja alibweka, wengine wakacheka, na Urbain akacheka pia ili asionekane. Shemeji yake aliinua macho kutoka kwenye unga, akamwona akicheka. Akaendelea kupima.

Théophile aliamini kwamba mke wake aliuza ishara. Alihamia sebuleni. Kwa karibu miaka mitano alimwomba, "Unipe jina moja tu." Mke wake alijibu, "Sina jina." Théophile alifariki tarehe 22 Februari 2018, bado akilala sebuleni. Urbain alikuwa amekaa kando ya kitanda cha kaka yake wiki nzima. Jina alikuwa nalo kinywani kila siku, na kila siku aliondoka nalo. Kwa nini Mama Germaine alilinyamazia, hatujui. Urbain alikuwa na watoto watano na mkono mmoja, na yule mchimbaji aliyepigwa alikuwa amekwisha zikwa. Labda ni hilo. Hakueleza, na hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa kuwa mtu mmoja tu alikuwa na la kuuliza.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022 kwa kikohozi, ukashuka kwenye figo. Tarehe 17 Februari 2025 alilazwa hospitalini hapa Likasi. Alichukua mateso yake bila kelele, ingawa hakuwa mgonjwa mtamu. Aliwaambia wauguzi kwamba wanachoma sindano kama watu waliofundishwa kwa mkanda. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Siku iliyofuata watoto walimwomba Urbain aandike wasifu, kwa kuwa ndiye aliyemjua tangu siku ya kwanza. Alimaliza darasa la sita tu, lakini mwandiko wake unasomeka. Ndipo alipomwambia Orpa, mtoto wa kwanza wa marehemu. Orpa hakulia. Alisema, "Papa, utaandika yote. Na utasoma weye mwenyewe, mbele ya bantu." Alipoambiwa kwamba Papa Urbain hawezi kusema mbele ya watu, alijibu kwamba mbele ya wachimbaji aliweza.

Marehemu ameacha watoto watatu, Orpa, Déogratias na Reine, wajukuu wanne, dada yake Simone, aliyesafiri kutoka Lubumbashi, mkwe mmoja, Hénoc, na shemeji mmoja, Urbain. Ameacha pia mbwa wa jirani ambaye amelala mlangoni pake tangu Jumanne na hataki kuondoka. Mama Germaine apumzike sasa, na mtu yeyote asimwite tena.

Orpa alitaka karatasi iishie hapo. Urbain aliomba aongeze Jumapili tarehe 9 Machi, kwa sababu hiyo ni ya marehemu.

Siku hiyo watoto walikuwa wamemletea mama yao bukari na kapenta, naye hakuweza kula. Urbain alisimama mlangoni mwa chumba, kama alivyofanya kila alipokuja, akitazama sakafu. Mama Germaine alikuwa amefumba macho. Bila kuyafumbua, akasema, "Urbain. Kuya."

Reine aliinuka kwenye kiti chake. Miaka kumi na moja na miezi minane hakuwahi kumsikia mama yake akimwita mtu.

Urbain alitembea hadi kitandani, akapiga magoti. Mkono wa mgonjwa ulitoka chini ya shuka, umekunjwa ngumi, ukanyooshwa mbele yake. Alijua kinachofanywa. Akaweka kiganja cha kushoto chini yake. Ngumi ikafunguka, kapenta mmoja akaanguka humo, mkavu, mwenye joto la mkono wake. Urbain alijaribu kusema jambo ambalo limesemwa leo kwenye karatasi hii, na halikutoka. Mama Germaine akafumbua macho, akamtazama kama alivyomtazama sokoni, si kwa hasira wala kwa huruma.

"Weye ndio wa munane, petit," akasema. "Kula."