Tulisema Kwetu ni Mbinguni

Akina mama, Bwana asifiwe. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nyumbani kwetu mwenye maneno ni mzee wangu. Mama yule wa nyuma, usitoke kwa sababu mtoto analia. Keti. Mtoto kulia ni uzima.

Wengi wenu, kama mimi, mmeolewa na wahubiri, kwa hiyo sitawaficha kitu. Miaka ile ya tisini tulikuwa watu wa barabara. Mwezi huu tuko Sori kwa wavuvi, mwezi ujao Osiri kwa wachimba dhahabu. Mzee alibeba spika na betri ya gari, mimi sufuria, blanketi na mtoto. Tulilala kwa waumini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nilipewa kweli!

Baba mkwe alikuwa kwake upande wa Homa Bay. Alituma mtu mara mbili kutuambia tuje tujenge, kwamba mwanamume mwenye mke na mtoto hakai bila dala, yaani boma lake mwenyewe. Mzee wangu akakataa kwa sababu ya mila za kufungua boma, mambo ya jogoo na shoka. Alisema hayo ni ya giza. Wakatumiana maneno makali, naye akaapa hatapita tena katika lango la baba yake. Na mimi, ndugu zangu, nawaambia, nilichochea. Nilimjibu yule mjumbe huku nacheka, "Mwambie baba, sisi kwetu ni mbinguni." Nikajiona nimesema!

Tukaenda Kegonga, mkutano wa juma zima. Tulipewa chumba cha kukodi nyuma ya duka. Siku ya nne binti yetu wa miezi minane akashikwa na homa.

Nikamwambia mzee wangu, "Baba, mtoto anachemka. Twende hospitali."

"Tumalize Jumapili, mama. Watu wanaokoka. Jumatatu asubuhi tunaenda."

Nikakubali. Simlaumu yeye peke yake, kwa maana miguu nilikuwa nayo. Jumapili mchana, sauti ya baba yake ikivuma kwenye spika huko nje, mtoto akatulia mikononi mwangu. Nilidhani joto limeshuka.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Pole sana, mama. Lakini nilikodisha chumba, sikukodisha kaburi. Shamba hili ni la ukoo. Kwenu ni wapi?"

Kwenu ni wapi! Nikalikumbuka lile jibu langu la kucheka. Mbinguni ni kwetu, sikatai. Lakini hapa chini sikuwa na futi tatu za udongo za kumlaza mtoto wangu.

Nikamfunga mgongoni kama aliye hai, kwa sababu hakuna gari ambalo lingetubeba tukisema kweli. Tukapanda lori la mahindi. Juu ya magunia mama mmoja mchuuzi akamshika mtoto mguu, akitaka kumtekenya. Akauachilia. Akanitazama. Nilingoja apige kelele. Akavua leso yake, akatufunika sote wawili, akawaambia wengine, "Huyu amelala, mpunguze sauti." Tulipoachana Migori, leso hakuidai.

Tulipofika kwa baba mkwe, mzee wangu alisimama langoni na betri kichwani, kuingia hawezi, kurudi hawezi. Mimi nikaingia. Tukifukuzwa hapa, nilijiuliza, nitampeleka wapi? Nikapiga magoti.

"Baba, nimemleta mjukuu wako. Sina pa kumweka."

Hakuwa amemwona hata siku moja. Akamfunua uso, akamfunika tena. Kisha akamwita mwanawe kule langoni.

"Wuoda, mwanangu, weka hiyo betri chini. Kuja ushike jembe."

Wakachimba wote wawili. Wakati wa kuomba, mume wangu aliyezoea kuhubiri masaa matatu hakupata neno. Basi baba akasema mwenyewe: "Mungu, huyu ni wetu. Mtunze." Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza.

Miaka miwili sikuimba kanisani. Nilitamani kufa, nawaambia wazi. Lakini tulijenga, nikapika kwa mafiga yangu, na pole pole Mungu akaniinua. Namshukuru baba mkwe, ambaye sasa amelala karibu na mjukuu wake. Namshukuru yule mama wa lori. Jina lake sikulijua, leso yake ninayo.

Nilikuwa na funzo refu la kuwapa. Lakini dada yangu wa nyuma, mtoto wako ameacha kulia, na nimekuona ukimpangusa jasho mara tatu. Unaona haya kutoka kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia uketi. Nilikosea. Inuka sasa hivi, usingoje niseme amina. Wawili wenu mliokaa naye, msindikizeni hospitali.

Nendeni. Mkutano utangoja.